Wito Uliohesabiwa Kuwa Kelele

Kulikuwa na mtafiti mmoja, wapendwa, mtu wa mitambo ya redio. Najua wengine mkisikia redio mnawaza taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Yake haikuwa hiyo. Kazi yake ilikuwa kubuni vyombo vya kurusha mawimbi hewani na vingine vya kuyapokea, kisha kukaa maabara na kupima: mawimbi yamefika wapi, yamefika na nguvu kiasi gani, yamepotelea wapi. Hakuwa mtu mbaya. Nataka mlishike hilo tangu sasa, kwa sababu tukishamfanya mtu kuwa mbaya tunaona habari zake hazituhusu.

Mtafiti huyu alipewa kazi katika bonde moja chini ya milima mirefu, bonde la mpunga na ndizi, lenye watu wengi. Mto wa pale ulikuwa na tabia ya kutisha. Jua linawaka bondeni, watoto wanacheza mchangani, kumbe huko juu mvua imemwagika na maji yanashuka kama ukuta. Zamani watu walijilinda kwa hofu tu. Wakiona milima imefunga weusi, wanabeba watoto, wanafungua mbuzi, wanapanda mwinukoni. Mara nyingi walikimbia bure, wakarudi jioni wanajicheka wenyewe. Lakini walikuwa hai, ndiyo maana waliweza kucheka.

Mtafiti akaona: hawa watu nitawasaidia. Akabuni chombo, akakifunga juu ya mwamba huko korongoni mto unakotokea. Maji yakipanda kupita alama, chombo kinaanza kuita kwa mawimbi ya redio, na hakinyamazi mpaka mtu apande akakizime kwa mkono. Bondeni akaweka chombo cha pili cha kupokea wito huo, chenye king'ora cha kusikika kijiji kizima. Hicho cha chini akakiweka nyumbani kwa mama mmoja mjane, mtu wa kuaminika, aliyeishi na binti yake na mjukuu mchanga. Wanakijiji walikubaliana kwamba mama huyo ndiye atakuwa mlinzi wa chombo.

Basi kikakaa pale. Lakini kilikuwa na ila moja: kilikwaruza. Mawimbi ya redio hayasafiri peke yake hewani. Kuna radi za mbali, kuna pikipiki, kuna waya za umeme, vyote vinatupa takataka zao, na chombo kinazidaka. Mchana kutwa kinakwaruza, jioni kinakwaruza, na mara moja moja king'ora kikalia bila sababu na watu wakakimbia mwinukoni bure. Wakaanza kunung'unika. Mtafiti alipokuja kukagua, yule mama akamkaribisha, akampa uji, kisha akamwambia bila kuficha.

"Mwanangu, hili dude linakoroma kama mgonjwa. Kila mara nashtuka. Sasa siku likiita kweli nitajuaje?"

"Nitalituliza, mama," akajibu. "Likishatulia, ukisikia king'ora ujue ni kweli. Na usiposikia, lala usingizi."

Akafungua chombo. Ndani mle kuna mahali pa kuweka kiwango, tuseme kama kizingiti cha mlango. Sauti yenye nguvu kuliko kizingiti inapita. Iliyo dhaifu inahesabiwa kuwa kelele na kufungiwa nje. Akakipandisha kizingiti. Mkwaruzo ukapungua. Akakipandisha tena, nyumba nzima ikawa kimya. Akapanda korongoni kujaribu wito, ukafika vizuri, king'ora kikalia, watu wakapiga makofi.

Lakini ilikuwa kiangazi, wapendwa. Majani yalikuwa makavu, hewa ilikuwa kavu, jua lilikuwa linaupa nguvu mtambo wa juu. Na yeye, mtu wa kupima, alijua kabisa kwamba msitu uliolowa hunyonya mawimbi, na kwamba siku za mawingu mtambo wake ungeita kwa sauti ndogo zaidi. Alijua. Mwenzake wa maabara, dada mmoja waliyesoma pamoja, alimuuliza kama ameshapima wakati wa mvua. Akasema atarudi masika kupima upya. Je, alikuwa anadanganya? Hapana. Alikusudia kweli. Nani kati yetu asiyekusudia?

Masika yakafika, yakamkuta mjini. Alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa wataalamu kueleza chombo chake kisichopiga kelele ovyo. Walimsifu kwa ule ukimya. Kila alipokumbuka bonde alijiambia kwamba kama kungekuwa na tatizo wangempigia simu, na kwa kuwa simu haikuja, akatulia.

Siku yenyewe ilikuja mchana. Milima ilifunga weusi tangu asubuhi, mvua ikaanza kunyesha hata bondeni. Zamani watu wangekuwa wameshaondoka. Safari hii walitoka milangoni, wakatazama juu, kisha wakaenda kwa yule mama kuuliza. Mama akatazama chombo. Kimya. Akawaambia hakijasema kitu. Wakarudi kwenye shughuli zao, mmoja kuanua mpunga wake, mwingine jikoni.

Baadaye kidogo binti yake akaja akasimama mlangoni, mtoto kashamfunga mgongoni na khanga, mkononi ana kapu.

"Mama, tuondoke?"

"King'ora hakijalia, mwanangu. Mlaze mtoto."

Binti akamfungua mtoto, akamlaza.

Sitawaeleza yote yaliyofuata. Maji yalikuja na miti na mawe, yakapita katikati ya bonde. Mama yule yalimtupa juu ya paa la mashine ya kukoboa mpunga, akashikilia bati mpaka watu wakamwokoa. Binti na mtoto walipatikana mbali sana chini ya mto, na si wao peke yao. Kaburi lilichimbwa moja, refu, kwa sababu wachimbaji walikuwa wachache na waliokufa walikuwa wengi.

Mtafiti alipopata habari alipanda gari na vifaa vyake vya kupimia. Njia nzima alikuwa anaomba. Mnajua aliomba nini? Aliomba mto uwe umekibeba kile chombo chake cha juu. Aliomba akute mwamba mtupu, ili aseme mtambo ulisombwa kabla haujaita, kwamba ni mapenzi ya Mungu, ni nguvu za maji. Mtu akiwa na hatia, hata sala zake huenda upande.

Alifika mvua bado inadondoka. Nyumba ya yule mama haikuwepo, ilibaki misingi tu na matope. Mama mwenyewe alikuwa amekaa pale juu ya jiwe, kajitanda khanga ya kuazimwa. Hakumlaumu. Alimweleza tu kwa sauti kavu jinsi alivyokaa na chombo siku ile, akakitazama, na hakikusema.  Mtafiti akafanya lile analolijua: akatoa antena, akawasha kipimo chake, akasimama palepale chombo cha chini kilipokuwa kimewekwa.

Kwenye kioo cha kipimo kukatokea mstari mdogo, unainuka na kushuka, unainuka na kushuka.

Akafuta kioo kwa mkono wa shati, akafikiri ni maji. Mstari ulikuwepo. Akafungua sauti. Katikati ya mkwaruzo, kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya kilima, ukasikika wito. Chombo cha juu kilikuwa kizima mwambani. Kilikuwa kinaita. Na nguvu ya ule wito ilikuwa chini ya kizingiti alichokiweka yeye kwa mkono wake, chini kidogo tu.

Mama akainua kichwa. "Ni nini hicho?"

Angeweza kusema ni kelele tu. Hakuna ambaye angejua. Akajifuta mvua usoni, akasema.

"Ndicho chombo, mama. Kiliita tangu maji yalipoanza kupanda. Wito wake ulifika mpaka hapa nyumbani kwako. Mimi ndiye niliyeuzuia usisikike."

 Mama alimwomba akizime. Mtafiti akamweleza, kwa taabu, kwamba akizima kipimo hawatasikia tena, lakini chombo hakizimwi kutoka bondeni. Lazima mtu apande korongoni, na njia imekatika. Hata wakinyamazisha hapa, huko juu kitaendelea kuwaita watu wakimbie. Mama akasema basi akiache, asikie. Wakabaki hapo wawili, katikati ya matope, wakisikiliza onyo linawaita waliokwisha kuzikwa.

Wapendwa, sisi tunamlaumu mtu yule, na alistahili. Lakini nani aliyetushika mkono tukapandisha vizingiti vyetu? Mke anasema kwa sauti ndogo kwamba hayuko sawa, tunasema wanawake ndivyo walivyo. Kijana ameacha kula, hachangamki, haongei, tunasema ni ujana, utapita. Jirani ameacha kuja ibadani na hakuna aliyekwenda kumgongea mlango. Dhamiri nayo ilikuwa inatukwaruza zamani, tulikuwa hatulali. Siku hizi tunalala vizuri, na tunatoa ushuhuda kwamba Mungu ametupa amani. Una hakika ni Mungu aliyekupa? Au ni wewe ulizungusha kile kidude ndani ya moyo mpaka nyumba ikawa kimya?

Anayezama hana nguvu ya kupaza sauti. Kadiri hali inavyokuwa mbaya ndivyo wito unavyofifia. Ukisubiri mpaka akupigie kelele ndipo umwamini, utamfikia ukiwa umebeba sanda.

Kwa hiyo leo sitawaomba mpandishe mikono wala mje mbele. Rudini nyumbani. Yupo mtu ambaye umekuwa ukimwambia "baadaye." Unamjua, umeshamkumbuka hata sasa ninavyosema. Kaa naye kabla chakula hakijaletwa, umuulize ana nini. Akianza kusema vibaya, kwa kununa, kwa maneno yasiyonyooka, usimkatize. Msikilize hivyohivyo.