Maji Yaliyotokea Puani

Kabla hujamtumia mwenzako hadithi hii, isome hadi mwisho.

Dakta Ngairo alikuwa bingwa wa upasuaji wa kichwa. Hospitali nzima ilijua desturi yake: fuvu alilolifungua, alilifunga mwenyewe. Wenzake humwachia msaidizi kazi ya kufunga, wakaenda kunywa chai. Yeye hakuondoka mezani mpaka uzi wa mwisho.

"Mlango nilioufunga mimi hauvuji," alizoea kusema.

Siku moja alimtoa uvimbe wa kichwani Mwalimu Siwema, anayewafundisha nyimbo watoto wa chekechea. Alipitia mfupa wa nyuma ya sikio la kulia. Siwema aliamka salama, akawatambua wanawe, akaomba uji.

Kisha pua yake ikaanza kutoa maji. Yalikuwa maangavu, na yalidondoka kutoka tundu la kulia tu. Kila alipoinama kuswali, akiwa amekaa kitandani, shuka lililowa.

"Pua yangu imekuwa bomba la mtaani, Dakta," alisema. "Nikiweka ndoo halitoi. Nikigeuka, linamwaga."

Ngairo hakucheka. Aliyapeleka maji yale maabara, na jibu likawa lile aliloliogopa: yalikuwa maji ya ubongo. Mahali fulani kichwani palikuwa na tundu, na maji yanapotokea ndipo vijidudu huingilia. Kesho yake Siwema akashikwa na homa. Alianzishiwa dawa, lakini tundu lisipozibwa upesi, homa ya uti wa mgongo ingemuua.

Tundu lenyewe liko wapi?

Ngairo aliagiza picha ya pua. Ilionyesha kuwa upande wa kulia, mfupa unaotenganisha pua na ubongo ulikuwa mwembamba mno.

"Ni hapa," alisema. "Kesho tunaingia kwa kupitia puani."

Dakta Mwatumu, bingwa wa masikio na pua, aliitazama picha ile kwa muda.

"Kaka Ngairo, wembamba si tundu. Tupige picha na kule nyuma ya sikio."

"Kule nilifunga mwenyewe."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba."

"Maji yanatoka puani, wewe unanipeleka sikioni?"

"Bati likitoboka juu ya chumba cha kulala, maji hufuata boriti yakadondokea sebuleni. Utaziba sebule?"

"Hiki ni kichwa cha mtu, dada, si nyumba ya bati. Andaa vifaa."

Asubuhi Siwema alilazwa juu ya meza ya upasuaji. Muuguzi wa dawa ya usingizi alisimama kuliani kwake.

"Mama, jina lako nani?"

Siwema alikaa kimya. Muuguzi akarudia. Kimya. Ngairo akajiuliza: je, homa imeshafika kwenye ubongo? Akazunguka upande wa pili, akamwinamia.

"Mwalimu!"

"Abee, Dakta. Semeni nami upande huu. Sikio la kulia tangu juzi ni kama nimelizamisha mtoni."

"Mbona hukutuambia?"

"Kila mkija mnaulizia pua."

Ngairo aliitazama meza ya vifaa. Vifaa vya puani vilikuwa vimepangwa, na watu wote walimngoja yeye. Angeendelea, hakuna ambaye angemlaumu. Picha ilikuwa upande wake.

"Dada Mwatumu," alisema, "niazime darubini yako ya masikio."

Alichungulia. Nyuma ya ngozi nyembamba ya ndani ya sikio palikuwa na maji. Siwema alipogeuza kichwa, viputo vilitembea.

Kati ya sikio na pua kuna mfereji mwembamba. Ndio unaozibuka masikioni mtu anapopanda mlima. Maji yalitoroka nyuma ya sikio, yakaingia ndani yake, yakafuata mfereji ule hadi puani. Juu ya pua hapakuwa na tundu lolote.

Ngairo alirudisha darubini. Chumba kizima kilisikia aliposema, "Tundu ni langu. Mgeuzeni mgonjwa."

Siwema aliposhikwa na usingizi wa dawa, Ngairo alifungua mshono wake mwenyewe. Mfupa wa pale una vishimo vingi kama sega la nyuki, na upasuaji ukiisha huzibwa kwa nta. Alikuwa ameviziba vyote, isipokuwa kimoja, kidogo kama punje ya ufuta. Maji yalikuwa yakichuruzika humo. Akakiziba kwa nta, akapachika juu yake kipande cha mafuta kilichotolewa tumboni mwa Siwema.

Kabla ya kushona, akasogea pembeni.

"Kagua, dada. Mimi macho yangu yameshaapa kwamba pako sawa."

Mwatumu alikagua kila kishimo, ndipo Ngairo akashona.

Homa ilishuka. Siku Siwema aliporuhusiwa kuinama tena katika swala, aliinama, Ngairo akiwa amesimama mlangoni. Aliinuka, akapapasa shuka.

"Kavu," alisema. "Bomba limekatwa."

Funzo: Tatizo huanzia mahali pamoja, likajitokeza pengine. Ukitafuta chanzo chake, anza kukagua palipopita mkono wako, hasa pale unapoapa kwamba hapawezi kuwa na kosa.