Makubadhi ya Numairi

Wamesimulia watu wa kheri waliotutangulia kwamba, katika zama za kale, wana wawili wa sultani mmoja walipigania kiti cha baba yao kwa miaka mitatu, Waislamu kwa Waislamu, Mungu atuepushe. Hata hivyo majeshi yale mawili yaliwekeana ahadi moja na yakaishika: adhana ikisikika, kutoka upande wowote, silaha huwekwa chini mpaka watu wamalize kusali.

Katika jeshi la mwana mkubwa alikuwamo mpiga mishale aitwaye Ukasha bin Thabiti. Alasiri moja alikuwa amevuta upinde, akimlenga mtu wa upande wa pili aliyechutama kisimani peke yake. Adhana ikapaa, na mshale nao ukatoka. Kipi kilitangulia? Hilo Ukasha hakulijua, na ndilo lililomnyima raha. Alipomkimbilia yule mtu alimkuta mkono wa kulia umelowa maji, asijue kama alikuwa akinywa au akitawadha.

"Mimi ni Numairi, mtu wa Sumaika," yule mtu akasema kwa taabu. "Mwambie mke wangu Rababu asinisubiri."

Akatamka shahada, akafa. Ukasha akamzika kwa mikono yake, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyeona.

Vita vikaisha, mwana mkubwa akatawala. Akasamehe yote yaliyotendwa vitani, ila damu iliyomwagwa ndani ya muda wa adhana. Kisha akatafuta askari wasiojua rushwa awape kazi za uongozi, na Ukasha akateuliwa kuwa liwali wa wilaya ya Sumaika. Aliposikia jina hilo alitaka kukataa. Lakini alikubali, akajiambia: nitaifikisha amana ya yule mtu siku nitakayofika.

Alhamisi yake ya kwanza barazani, mwanamke mmoja aliingia akaketi kwa heshima.

"Bwana Liwali, mimi ni Rababu, mke wa Numairi. Wanaotoka safarini hupita kwako kwanza. Kuna habari yoyote ya mume wangu?"

Ukasha akaiona shingo yake mwenyewe chini ya upanga. "Hakuna, bibi," akasema. "Vuta subira."

Tazameni, ndugu zangu, mtu anavyojifunga mwenyewe kwa neno dogo! Angesema siku ile, angesema mara moja. Sasa kila Alhamisi ilimpasa aseme na kwa nini hakusema Alhamisi iliyopita. Rababu alikuwa haachi kuja. Hukumu ya mji ule ilikuwa kwamba mke wa aliyepotea ni mke bado, mpaka ije habari ya yakini. Basi hakuwa na mume, wala hakuweza kuolewa. Mlangoni pake palikuwa na makubadhi ya Numairi, akiyapaka mafuta kila Ijumaa ngozi isipasuke. Njia ya kwenda msikitini ilipita mbele ya mlango ule, na Liwali wa Sumaika, mtu aliyewahi kusimama mbele ya mikuki, alizunguka nyuma ya mji ili asiyaone.

Katika kazi yake alikuwa mwadilifu. Aliwapatanisha watu waliogombea mipaka ya mashamba, hakula cha mtu, na wazee walimwombea dua. Kila dua ilimchoma. Ikifika Jumatano usiku hakulala. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka minne, roho juu juu.

Alhamisi moja Rababu alikuja macho yamemvimba. "Mama mkwe amefariki asubuhi hii," akasema. "Alinishika mkono akaniambia, 'Numairi akirudi, mwambie nilimngoja.' Nimekuja kuuliza tena, Bwana Liwali. Hakuna habari?"

Ukasha akainuka, akawaacha watu barazani, akaenda moja kwa moja kwa Kadhi Abdulmuizi, akamwomba amsikilize mbele ya Rababu.

Baada ya siku za matanga Kadhi akawaita wote wawili. Ukasha akasema, "Numairi amekufa vitani. Nilimwona kwa macho yangu, nikamzika."

"Huo ni ushahidi wa mtu mmoja," Kadhi akajibu. "Wa pili yuko wapi?"

"Hayuko."

"Basi kifo hakikuthibiti. Mama huyu ataendelea kungoja."

Hapo Ukasha akauona mlango wa kutokea. Si amekwisha kusema kweli? Sheria ndiyo iliyoikataa. Angeweza kurudi nyumbani na kichwa chake. Akamtazama Rababu, akamwona amekwisha anza kujifunga shuka aondoke, bila kulalamika, kama mtu aliyezoea. Moyo ukamvunjika.

"Kadhi," akasema, "sitoi ushahidi. Natoa ikirari, na mtu akikiri kosa lake mwenyewe hahitaji shahidi wa pili. Mimi ndiye niliyemwua."

Kadhi akauliza, "Kabla ya adhana, au baada?"

"Wallahi sijui."

"Basi Mola ndiye ajuaye. Mama yake Numairi naye ametangulia, wala Numairi hakuacha mtoto. Rababu, haki ya kudai damu yake au kusamehe iko mikononi mwako."

Rababu hakumtazama Kadhi. "Alisema nini?" akamwuliza Ukasha.

"Alisema: mwambie Rababu asinisubiri."

Rababu alilia mpaka akatosheka, nao wakamwacha. Kisha akasema, "Damu ya Numairi nimekusamehe kwa ajili ya Allah. Mlikuwa vitani. Lakini Alhamisi ngapi nimeketi mbele yako? Maneno yale yalikuwa yangu, nawe ukayakalia. Hayo leo siwezi."

Akaingia eda. Ukasha alitaka kuuacha uliwali, Kadhi akamwambia, "Ukiondoka sasa utakuwa umekimbia. Kaa." Akakaa. Alhamisi zikaja, akitazama mlangoni, asiingie mtu wa kumwuliza lolote, na kimya kile kilimtesa kuliko maswali.

Ilipotimia miezi minne na siku kumi, Alhamisi iliyofuata, Rababu aliingia barazani amejipaka hina, ananukia udi. Mkononi alishika makubadhi. Akayaweka miguuni pa Liwali.

"Mpe msafiri asiye na viatu," akasema. "Mimi nimemaliza kungoja, Bwana Liwali. Maliza na wewe."

Ukasha akalia mbele ya watu, asione haya.

Ndugu zangu, Rababu alifikishiwa amana yake, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mama yake Numairi hakufikishiwa. Tumwombe Mola atupe ujasiri wa kusema kweli wakati wenye kuingoja wangali hai.