Kibuyu cha Bi Mwanaate

Hapo zamani, miguu ilipokuwa ndiyo chombo pekee cha safari, kulikuwa na kisiwa kirefu na kikavu, kisicho na mto wala kijito. Kusini mwake aliishi mjane, Bi Mwanaate, na wanawe watatu, watu wazima: Makame, Mize na Shaame. Bi Mwanaate akaugua, akaacha kula, akawaambia wanawe hataki dawa tena. Alitaka funda moja tu la maji ya kisima cha Mtondooni, kule kaskazini alikozaliwa. Kwenda siku tano, kurudi siku tano. Nani angemkatalia?

Makame alikuwa ameikata njia ile mara nyingi, akawapa masharti yake. Beba nusu ya unavyotaka kubeba. Ondoka alfajiri, jua la utosi likukute kivulini. Paka nyayo mafuta ya nazi kabla hazijapasuka. Usigugumie maji, lowesha ulimi. Na ufunge mdomo, maana maneno hukausha koo. Mize, aliyependa soga, aliliona hilo la mwisho gumu kuliko yote.

Wakabeba kwa mzegazega, mti wa begani, mitungi miwili ya maji ya akiba, waizike njiani kwa ajili ya kurudi. Mila ya kisiwa ilikuwa hii: mtungi uliozikwa huchomekewa kijiti. Ukiongezewa jiwe jeupe, una wenyewe, haugusi mtu hata akiwa hoi. Usipowekewa jiwe, ni sadaka ya mpita njia yeyote.

Siku ya pili Shaame akazika mtungi wa kwanza. Siku ya nne Makame akazika wa pili. Siku ya tano wakafika, wakajaza kibuyu cha mama, wakakiziba kwa nta, wakaanza kurudi.

Mtungi wa Makame waliukuta na jiwe lake, umejaa, wakanywa. Mtungi wa Shaame waliukuta mkavu. Makame akauliza jiwe liko wapi.

"Sikuliweka, kaka," Shaame akajibu. "Niliona aibu kumnyima mtu maji kwa jiwe."

Makame hakumgombeza. Siku mbili zilibaki, na maji yaliyobaki yalikuwa ya mama. Makame akabandua nta, akapima kifuu kimoja kwa kila mtu, akisema mama angetaka watoto kabla ya maji. Akanywa. Mize naye akanywa, amejaa haya. Shaame akachukua kifuu chake, akakimimina kibuyuni.

"Fungu langu apewe mama," akasema. Wakambembeleza, wakamkemea, akakataa katakata.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Shaame aliketi chini, asiinuke tena. Mize akamtilia maji mdomoni, yakamtiririka kidevuni. Makame akamfumba macho.

"Nenda, Mize," Makame akasema. "Mimi siwezi kuwaachia kunguru mdogo wangu. Ukifika penye mawe mekundu shika upande wa kushoto, usipande kilima. Mwahi mama."

Mize akaenda peke yake, akifuata maneno ya kaka yake hatua kwa hatua. Lakini kiu ilipomzidi alifungua kibuyu, akanywa funda zima. Alijua ni fungu la nani. Alikunywa akilia, kisha akaendelea.

Akamkuta mama yu hai, kwa tabu. Akamwinua kichwa, akamnywesha. Bi Mwanaate akameza, akatabasamu, akapapasa mkono wa mwanawe. Macho yake hayakuwa yakiona tena. Kwa watu wa kisiwa kile, radhi ya mwisho ya mama hutolewa kwa jina, tena jina moja. Ikimpata aliye hai humnyooshea maisha. Ikimpata maiti humpunguzia giza la kaburi.

"Pumzi inaniishia, mwanangu," akasema. "Nitajie aliyeniletea maji haya, nimpe radhi yangu."

Mize akafungua mdomo. Amtaje Shaame? Alikufa ili mama anywe, lakini ndiye aliyewaletea kiu kwa kutoweka jiwe. Amtaje Makame? Bila yeye wasingefika wala kurudi, na saa hii anamchimbia ndugu yake kaburi kwa mikono mitupu. Lakini ndiye aliyebandua nta. Ajitaje mwenyewe? Mikono yake ndiyo iliyoyafikisha maji, na fungu la marehemu limo tumboni mwake.

Bi Mwanaate akaubana mkono ule, akingoja.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mama hana muda. Je, Mize ataje jina la nani?