Bega la Mpika Halwa

Wapendwa, kulikuwa na dada mmoja aliyesomea tiba ya viungo, ile wanayoiita fiziotherapia. Alifanya kazi miaka sita katika hospitali kubwa ya mjini, kisha akaacha, akarudi kwao, mji mdogo wa pwani ambao ukitoka kuutembea baada ya chai unaumaliza kabla chai haijashuka tumboni. Akakodi chumba nyuma ya duka la vitambaa, akaweka kitanda na mipira miwili ya mazoezi, akapaka kuta chokaa, akasubiri watu.

Watu walikuja, sikatai. Lakini walidhani ni mkandaji. Mtu analala kitandani, anafumba macho, anangoja mafuta ya nazi. Dada anamwambia, "Amka, mama, tufanye kazi pamoja." Yule mama anafumbua jicho moja. "Mgonjwa ni mimi, na kazi nifanye mimi?" Wiki inayofuata humwoni. Mnacheka, lakini ni wangapi humu ndani tungefanya vivyo hivyo?

Siku moja akaingia mzee mpika halwa. Mnajua halwa inavyopikwa. Unasimama juu ya sufuria la shaba na mwiko mrefu kama kasia, unakoroga saa mbili, saa tatu, na ukipumzika tu inashika chini. Mzee huyu alikuwa amekoroga miaka thelathini, na sasa bega la kulia limeganda. Mkono haupandi kupita kidevu. Kofia anavalishwa na mkewe. Halwa anakoroga shemeji yake, na mji mzima umeanza kunong'ona kwamba siku hizi ina madonge.

Dada akamsimamisha mbele ya ukuta. "Weka vidole hapo, baba. Vipandishe kidogo kidogo, kama buibui anavyopanda. Ukifika mwisho niambie."

Mzee akapandisha mpaka usawa wa kidevu, uso ukakunjamana. Dada akachora alama kwa penseli.

"Mwanangu," mzee akasema, "nimekuletea bega, wewe unanipa ukuta."

"Rudi kesho kutwa, baba. Tuone kama tutaipita hiyo alama."

Akarudi. Akaja tena, na tena. Alama zikapanda: pua, paji la uso. Siku alama zilipovuka kichwa chake, mzee alikwenda nyumbani akimsalimia kila mtu njiani kwa mkono wa kulia, hata asiowajua. Dada akasema moyoni, huyu ndiye atakayenijazia chumba.

Halafu mzee akatoweka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dada alikuwa akifungua mlango asubuhi na kuufunga jioni, na katikati hakuna kitu. Akajiambia, hata huyu amekwenda kwa wakandaji. Akaandika barua ya kuiomba ile hospitali ya mjini imrudishe kazini. Lakini kabla hajaituma, akaona lazima akamuulize mzee jambo moja tu: nilikukosea nini?

Alipofika kwake alisikia vicheko uani. Akasukuma mlango. Watu wanne walikuwa wamesimama wakielekea ukutani, vidole vinatambaa juu, na kila mmoja ana alama zake za mkaa. Mzee anapita nyuma yao, mikono mgongoni. "Polepole, shemeji. Bega halikimbizwi."

Dada akahisi joto likimpanda usoni. "Baba, kumbe kazi yangu umeihamishia kwako."

Mzee aliunyoosha mkono wa kulia juu, juu kabisa, akautungua mwiko uliotundikwa kwenye boriti. Akaenda kwenye sufuria, akaanza kukoroga kwa mkono ule ule, mizunguko mikubwa, bila kukunja uso.

"Nisamehe sikuja kukuaga," akasema. "Siku niliyoushika tena mwiko huu nilisahau kwamba niliwahi kuumwa." Kisha akaelekeza kidevu kwenye baraza, ambako watu watano walikuwa wameketi wanakunywa kahawa. "Na wale sijawagusa. Mimi najua bega tu, na hilo umenifundisha wewe. Wale ni wa viuno na magoti, na yule bibi alipata kiharusi. Nimewaambia halwa ikiiva nawapeleka kwako. Umetuwahi."

Dada akakaa pale pale kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi. Wiki tatu alikuwa akimlilia mgonjwa aliyepona! Akainuka, akamrekebisha shemeji kiwiko, kisha akarudi kazini kwake akiwa na watu watano nyuma na sahani ya halwa mkononi. Barua aliichana. Mwaka haukwisha kabla hajakodi chumba cha pili na kumwita mwenzake waliyesoma naye.

Sasa sisi. Sisi ugonjwa wetu ni kuhesabu viti. Mtu asipoonekana Jumapili mbili tunasema amepotea, amerudi nyuma, amechukuliwa na wengine. Nani kati yetu huenda mpaka uani kwake kutazama? Mama Mbodze, aliyekuja kwetu akiwa amevunjika moyo, alipoacha kwaya akaenda kukusanya watoto kule ng'ambo ya kijito awafundishe Neno, mimi mchungaji wenu nilinuna. Nilisema tumepoteza sauti. Haikunijia hata mara moja kwamba labda Mungu amemaliza kumponya hapa, na sasa anamtumia kule. Tulimwombea mama huyu asimame kwa miguu yake. Aliposimama akatembea, tukakasirika. Tulitaka asimame tu?

Basi leo tukisema amina, msiende nyumbani. Nimemtumia ujumbe kwamba tunavuka kijito, wote, na kwaya yake. Ameniuliza tutakuwa wangapi. Nimemjibu sijui, nimeacha kuhesabu.