Sange na Deni la Kaa la Moto

Zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na majiko na vyungu kama sisi, aliishi Sange pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, ana pua ndefu kama mrija, na akikimbia ni pyuu, umeshamkosa.

Asubuhi moja Sange hakuwa na mbio zozote. Alikuwa amesimama barazani kwa Mzee Ndovu, hakimu wa wanyama wote, pamoja na mama yake. Fisi alikuwa amewashtaki.

"Mheshimiwa," alisema Fisi, "zamani, mvua kubwa ilipozima majiko ya watu, bibi yake huyu mtoto alikuja kwangu na kigae mkononi. Akachukua kaa la moto. Mpaka anakufa, hakulirudisha."

Mama yake Sange alijibu kwa sauti ndogo, "Mzee, kaa la moto halikopeshwi. Mtu huomba, akapewa, akashukuru. Ndivyo tulivyokuta."

"Alilichukua au hakulichukua?" Ndovu aliuliza.

"Alilichukua."

"Akalirudisha?"

"Hakulirudisha, lakini..."

"Ngoja kwanza, mama." Ndovu alikuwa ametoka kula, tumbo limejaa, na alitamani kwenda kujilaza. "Fisi, unadai nini? Kaa moja?"

"Kaa moja nitalifanyia nini, mzee? Ningemkopesha kuku, vifaranga si vingekuwa vyangu? Kaa langu limezaa moto, na moto ule umezaa moto mwingine, na mpaka leo hawa wanapikia moto wangu. Nadai nusu ya chungu."

"Chungu kipi?" akauliza Sange.

"Kila chungu, mjukuu wangu. Kila chungu."

Ndovu akapiga mguu chini, tii. "Nimeamua. Fisi atapewa nusu ya kila chungu kitakachopikwa kwa moto uliotokana na kaa lile. Na moto huo usizimwe, kwa sababu kuuzima ni kuua mali ya mwenzako."

Akaenda kulala.

Tangu siku hiyo, chungu kikianza tu kunukia, Fisi huyo mlangoni na beseni lake. Hakuwa anapiga hodi tena. Aliingiza upawa mpaka chini, chubwi, akachota kunde zote, akawaachia mchuzi.

"Babu Fisi, hiyo si nusu," Sange alimwambia.

"Ni nusu. Nusu ya juu yenu, nusu ya chini yangu. Hakimu alisema ya juu au ya chini?"

Akaenda zake akicheka. Na kwa kuwa alikuwa anakula bila kupika, hakuokota kuni tena. Jiko lake likapoa, likaota nyasi.

Nyumbani kwa Sange hakukuwa na kicheko. Mdogo wake wa mwisho alishika mwiko akaulamba mpaka ukawa mweupe, kisha akauliza, "Dada, hukumu itaisha lini?" Sange alimpa mgongo, akajifanya anapuliza moto, kumbe anafuta machozi.

Ikaingia masika. Mvua ilinyesha, chwaa, chwaa, usiku na mchana, kuni zikalowa mpaka ndani. Majiko ya wanyama yakazimika moja baada ya jingine. La Sange peke yake ndilo lililobaki. Si walikatazwa kulizima? Basi Sange na mama yake walikuwa wamelizungushia mawe na kuliezekea kwa magome, wakalilinda kwa zamu, huku wanatetemeka kwa baridi na hofu ya hakimu.

Wa kwanza kufika alikuwa Nyati, maji yanamchuruzika pembeni mwa masikio.

"Hodi, majirani. Nimekuja na kigae changu. Naomba kaa la moto, watoto wamelalia mihogo mibichi."

Mama yake Sange akamvuta binti yake kando. "Mwanangu, usimpe. Kila kaa linalotoka hapa litatuongezea deni juu ya deni."

Sange alikitazama kile kigae. Akakitazama chungu chao. Pua yake ikaanza kuchezacheza, na mama alipoiona inacheza, alijua mtoto amepata jambo.

"Tumpe, mama," alisema Sange. "Tuwape wote watakaokuja. Hasa Mzee Ndovu."

Basi wakaja. Akaja Nyati, akaja Kiboko, na jioni, udongo ukididimia, akaja Mzee Ndovu mwenyewe na kigae kikubwa kama sinia.

"Shikamoo, mzee," alisema Sange.

"Marahaba. Binti, tangu asubuhi sijala kitu cha moto."

"Pole. Chukua, mzee, chukua na jingine. Sisi wenye pua ndefu hatunyimani."

Ndovu alicheka, akashukuru, akaondoka akilifunika kaa lake kwa majivu lisipatwe na mvua.

Hapo sasa ndipo Sange alipokimbia. Pyuu, mpaka kwa Fisi, akamkuta amejikunyata penye jiko lililopoa.

"Shikamoo, babu Fisi. Mbona umekaa? Kaa lako limezaa leo."

"Limezaa nini?"

"Nyati anapika mihogo kwa moto wako. Kiboko anapika majani ya maboga. Na kwa Mzee Ndovu kuna chungu cha maboga na kunde, kikubwa kuliko nyumba yetu."

Fisi alimeza mate. Hata hivyo akasita kidogo. "Ndovu ni hakimu, mtoto."

"Na ndiye aliyesema kila chungu. Au hukumu yake ni ya kwetu tu, sisi wadogo?"

"Kila chungu," alisema Fisi taratibu, kama mtu anayeonja asali. Akanyakua beseni lake, akatoka.

Kwa Nyati alichota mihogo. Kwa Kiboko akachota majani. Kwa Ndovu alikuta chungu kinatokota, pwata pwata, na Mzee Ndovu ameshashika upawa, macho yamemlegea kwa njaa.

"Hodi, mzee. Nimefuata nusu yangu."

"Nusu ya nini?"

"Ya chungu. Moto huu umetoka kwa Sange, na wa Sange umetoka kwangu."

"Fisi, nimeshinda na njaa mimi."

"Pole, mheshimiwa. Lakini hukumu ni yako, mimi ni nani niivunje?" Akazamisha upawa mpaka chini, chubwi, chubwi, na chubwi nyingine. Ndovu alipochungulia, aliona mchuzi na uso wake mwenyewe.

"Hii ndiyo nusu?"

"Ya chini, mzee. Ndiyo desturi yangu."

Ndovu alitoka nje, akainua mkonga, akapiga baragumu moja, na wanyama wote wakaja mbio barazani, wengine bado wameshika vyungu vyao vilivyochotwa. Kelele zilikuwa nyingi. Nyati alikuwa anamwonyesha Fisi pembe.

"Binti," Ndovu alimwita Sange, "wewe ndiwe uliyemtuma huyu kwangu?"

Sange aliinua pua yake ndefu. "Ndiyo, mzee. Nilitii hukumu. Niliogopa kumficha mwenye mali vyungu vyake."

Kicheko kikapita barazani. Ndovu mwenyewe mdomo ulimcheza.

"Na mama yako siku ile alikuwa anasema 'lakini'. Sikumsubiri amalize. Mama, ulitaka kusema lakini nini?"

Mama yake Sange alisogea mbele. Safari hii sauti yake haikuwa ndogo. "Lakini ukitoa kaa jikoni kwako, mzee, jiko lako halipungui. Fisi alimpa mama yangu kaa, na usiku uleule Fisi akala cha moto. Alipoteza nini cha kurudishiwa?"

Ndovu alimgeukia Fisi. "Ulipoteza nini?"

Fisi alifungua mdomo, akaufunga. Mvua ndiyo iliyojibu, chwaa.

"Basi nilikosea," alisema Ndovu. "Hukumu ile naivunja. Kaa la moto halina deni, la jana wala la leo. Na hilo beseni liweke chini, turudishiane chakula."

Usiku ule Sange na wadogo zake walikula mpaka chini, mpaka ukoko. Mdogo wa mwisho alilala na kunde shavuni. Mama akakaa akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu ambayo alikuwa ameibeba tangu siku ya baraza.

Mara mlango ukagongwa, ko, ko, pole pole.

"Hodi. Ni mimi, Fisi. Jiko langu limepoa."

Sange akafungua kidogo, akatoa pua. "Karibu, babu. Umekuja na beseni au umekuja na kigae?"

"Kigae," alisema Fisi, akiangalia miguu yake.

Sange akachagua kaa jekundu, lililoshika moto vizuri, akamwekea. "Chukua. Na usilirudishe."

Ndivyo ilivyokuwa, nami nimewapa kama nilivyopewa: kabla hujamwamulia mwenzako, onja kwanza uamuzi huo kwenye chungu chako.