Figa la Kung'olewa

Hapo zamani, mbuzi alipokuwa na thamani kuliko neno la mkubwa, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Kwemlasu. Ng'ambo ya mto alikaa tabibu mwenye Nyumba ya Dawa. Kila kaya ilimpelekea mbuzi mmoja baada ya mavuno, umwe usiumwe, na Zumbe, mtawala wa milima ile, alimwongezea wa pili kutoka zizini kwake. Tabibu naye alikupa kigae chenye alama ya kidole chake. Ukiugua wakati wowote wa mwaka ule unaonyesha kigae, unatibiwa, huulizwi kitu.

Na kaya ilihesabiwa kwa jiko. Wanaokula chungu kimoja juu ya mafiga matatu, hao ni kaya moja, wawe wawili, wawe kumi.

Zumbe akafa, akatawala mwanawe, mtu wa kuongea vizuri. Akasema, "Zizi si kisima. Kuanzia sasa kila mtu abebe mzigo wake." Watu wakapiga makofi. Walipofika nyumbani ndipo wakajua wamepigia makofi kitu gani.

Mbuzi wakawa wawili. Wenye afya wakasema, "Kwani sisi tunaumwa nini?" wakabaki na mbuzi wao. Kwa tabibu wakabaki wagonjwa watupu. Dawa haikupungua, na tabibu naye anakula. Akapandisha: mbuzi watatu.

Mwanahija alikuwa na mbuzi mmoja. Alikuwa mjane, na binti yake Sikudhani alikuwa na pumu. Ikimshika, kifua kinalia kama filimbi iliyoziba, na hakuna cha kukilegeza ila dawa ya ng'ambo. Mwanahija akamtazama mbuzi, akamtazama mtoto, akajifunga kanga akaenda kwa mama mkwe wake, Bi Mkunde, mwenye kidonda cha mguu kisichopona na mbuzi mmoja vilevile.

"Mama, tule chungu kimoja."

"Nina meno mawili. Utanipikia nini?"

"Chochote kitakachopita."

"Basi uji, na usiwe mzito."

Wakaenda wote kwa Semeni, binti wa Bi Mkunde, aliyekuwa akikaa ua uleule. Mumewe alikuwa safarini akiuza vyungu. Semeni alikuwa haumwi, na alipenda watu wajue hivyo.

"Mimi tangu nizaliwe sijaonja dawa, wifi. Mbuzi wangu atanifaa nini?"

"Hatakufaa wewe. Atamfaa mwanangu."

"Afadhali husemi uongo. Mchukue. Lakini ukinilisha uji wa mama yako, narudi jikoni kwangu."

"Ni mama yako pia."

"Ndiyo maana namjua."

Wakavunja majiko yao. Kila mmoja akaleta figa moja kutoka jiko lake la zamani, wakayapanga uani, wakainjika chungu. Mbuzi watatu wakavushwa mto. Kigae kikaja.

Lakini jiko la wanawake watatu lina chumvi ya wanawake watatu. Huyu anataka uji, yule anataka ugali wa kukaza. Semeni akaanza kukaanga pilipili, na moshi wake ukamkaba Sikudhani mpaka macho yakamtoka. Mwanahija akasema, "Wifi, pilipili hapa basi." Semeni akaepua kikaango, akaingia nacho ndani.

Baada ya hapo, nyuma ya nyumba ya Semeni pakawa panafuka moshi mwembamba. Mwanahija aliuona alipokwenda kuchimba udongo wa kufinyangia. Akasogea. Akaona mafiga madogo matatu na kikaango. Akawaza: nikisema, huyu atanuna, na mwakani hatoi mbuzi. Nikinyamaza, moshi unabaki huku na mtoto wangu anapumua. Akachimba udongo wake, akarudi.

Tabibu alikuwa na mhesabu majiko, mtu mpole, wa kupita akisalimia. Alimkuta Bi Mkunde peke yake, amenyoosha mguu juani.

"Shikamoo, bibi. Hapa mna majiko mangapi?"

"Marahaba. Mawili. Hili la uji, na lile la Semeni la pilipili. Linanukia vizuri, ila meno ndiyo sina."

Yule bwana akashukuru, akaondoka na kigae.

Haukupita muda Sikudhani akashikwa. Wakambeba wakavuka naye. Tabibu akamtibu kwanza, kwa kuwa pumzi haingoji baraza. Mtoto alipotulia, akatoka nje kwa wale watatu.

"Mlisema jiko moja. Ng'oeni figa la aliyewavunjia kaya. Yeye mlango huu si wake mwaka huu, wala si wa mwanawe, na mbuzi wake harudi. Wawili watakaobaki nitawarudishia kigae."

"Na chungu kitakaa vipi juu ya mafiga mawili?" Bi Mkunde akauliza.

"Hilo la mpishi, bibi."

Semeni akasema, "Jiko niliwasha, sikatai. Lakini nina mimba, na mimba changa haitangazwi, hata mama anaijua desturi hiyo. Kila nilichokula bila pilipili nilikitapika. Nilitoa mbuzi nikiwa siumwi. Leo namhitaji tabibu, ndipo mnitoe?"

Bi Mkunde akasema, "Mimi niliulizwa, nikajibu. Nani aliniambia ni siri? Mngeniambia, ningesema sijui, na kwa umri huu hakuna ambaye angeshangaa. Mkinitoa, mguu huu utanitangulia kaburini."

Mwanahija akasema, "Mimi sikuwasha, wala sikusema."

"Uliona," Semeni akasema. "Siku ile ya udongo nilikuwa ndani, nakuchungulia. Ulisimama, ukatazama, ukaenda zako. Ungeniambia 'zima, wifi', ningezima. Nilidhani umeniruhusu."

Mwanahija akasema, "Niliona. Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto."

"Na mimi niliwasha kwa ajili ya mtoto," Semeni akasema.

Wakarudi, Sikudhani mgongoni kwa mama yake, pumzi yake ikimpiga shingoni, nyepesi, haina filimbi. Uani mafiga yalikuwa bado na joto la asubuhi. Bi Mkunde akasema, "Mwanahija, wewe ndiwe uliyetukusanya. Ng'oa wewe." Mwanahija akainama, akanyoosha mkono.

Asije mtu akasema ni Zumbe. Zumbe anajulikana, yuko mlimani na zizi lake, na hana figa uani pale. Mafiga ni matatu, na mkono wa Mwanahija uko juu yake.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu: je, la nani lilistahili kung'olewa?