Chemba ya Bunduki ya Khole

Watu wengi husifu kilicho mbele ya macho yao wasiulize kimepitia wapi. Humwona bingwa akivishwa nishani, wakasema nyota yake ni njema, basi. Wahenga hawakuukubali uvivu huo wa fikra. Walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kizuri kinachotupendeza kina jasho la mtu nyuma yake, na jasho la Khole binti Nasr wa Maskati halikuwa haba.

Khole alikuwa mhandisi katika kiwanda kimoja cha mabomba huko Rusayl. Wazazi wake walirejea Oman kutoka Tabora, na nyumbani kwao Al Khoudh Kiswahili hakikukauka vinywani. Alikuwa mpole wa maneno, lakini macho yake yalikuwa makali kama ya kipanga. Kila Alhamisi alikwenda kulenga shabaha katika uwanja wa klabu yao, chini ya milima, akitumia bunduki ya kuazima. Alitamani siku moja alishike kombe la klabu, ambalo mwanamke hakuwa amepata kulishika, tena kwa bunduki yake mwenyewe.

Mwaka wa 1998 kibali cha kuagiza mtutu kilitoka, baada ya kungojewa hadi subira ikaota mvi. Mtutu ulikuwa mmoja tu. Kazi ya kuukereza ilikuwa ya mjomba wake, Msellem, fundi wa silaha aliyestaafu jeshini na kufungua karakana yenye leseni huko Ghala.

"Kukata ntakata mimi," Msellem alimwambia. "Lakini vipimo vya chemba uchague wewe. Humo ndimo risasi inamolala kabla ya kufyatuliwa. Kitanda kikiwa kibaya, safari nzima imeharibika. Na chuma nikishakikata, mwanangu, sina dawa ya kukirudisha."

Khole alimwendea Aflah, bingwa wa klabu, kumwomba ushauri.

"Ibane!" Aflah alisema bila kusita. "Yangu imelibana ganda la risasi shingoni kama pete kidoleni. Na mbele ya ganda, lile koo ambamo kichwa cha risasi hupita kabla ya kufika kwenye mifereji ya mtutu inayokizungusha, lifanye refu. Nakili vipimo vyangu, ushukuru."

Khole alivinakili. Akaagiza ng'ambo kekee maalumu ya kuchongea chemba kwa vipimo hivyo, nayo ikafika salama mwezi mmoja kabla ya mashindano.

Alhamisi iliyofuata upepo wa vumbi ulivamia uwanja. Jua lilikuwa kali kama tanuri. Aflah alifyatua risasi chache, kisha bunduki yake ikagoma. Ganda lilikwama ndani, likatolewa kwa kugongwa. Wenzake walicheka, naye akalilaani vumbi. Khole hakucheka. Aliliomba lile ganda, akalipima kwa maikromita yake, akalipima tena. Shingo haikuwa imeachiwa nafasi yoyote. Punje ya mchanga na joto la mchana vilitosha kuikaba. Alipopima na risasi zake mwenyewe akagundua kwamba zilikuwa fupi kuliko za Aflah. Katika koo refu kama lile zingeyumba kabla ya kuifikia mifereji.

Alikwenda Ghala mbio. Mtutu ulikuwa tayari umefungwa kwenye mashine.

"Mjomba, usikate!"

"Nisikate? Kekee hii hapa, mashindano hayo yanakuja!"

"Hivi ni vipimo vya bunduki ya Aflah, si vyangu. Shingo tungeweza kuipanua baadaye, lakini koo refu halifupishwi."

Msellem akazima mashine. "Lakini kekee nyingine haitawahi kufika. Utayakosa mashindano, Khole."

"Nitayakosa," akajibu. Alijua mwaka mzima ulikuwa umemponyoka mikononi.

Maneno ya klabuni yalimchoma kama miiba. Wengine walimwita mhandisi anayeogopa chuma. Khole akayatia pamba masikio. Alifyatua risasi kwa bunduki ya kuazima alfajiri kwenye ubaridi, adhuhuri kwenye joto, na siku za upepo aliwahi uwanjani wakati wengine wakikimbilia magari yao. Kila ganda lililotoka alilipima. Jioni alibishana na mjomba wake, chai ikipoa baina yao.

"Ukiipa shingo nafasi kubwa, risasi italala upande," Msellem alionya.

"Na nikiinyima, itakwama. Nnatafuta katikati, mjomba. Kama unywele tu."

"Unywele wa nani? Wa kwako au huu wangu wa mvi?"

Wakacheka, wakarudi kupima. Hatimaye vipimo vikapatikana: shingo yenye nafasi ya kuhema, koo fupi lililomwezesha Khole kukisogeza kichwa cha risasi karibu kabisa na mifereji. Kekee mpya ikaja. Msellem alikata kidogo, akafuta vipande vya chuma, akapima, akakata tena, huku Khole akimimina mafuta. Risasi ya kupimia ilipoingia, ilitulia kimya kama mtoto aliyeshiba.

"Mashallah," Msellem alinong'ona. "Miaka yote jeshini sijakata chemba kama hii."

Siku ya mashindano ya mwaka uliofuata, vumbi halikumsahau mtu. Bunduki kadhaa ziligoma, ya Aflah ikiwamo. Ya Khole haikusita hata mara moja. Matundu kwenye shabaha yake yalisongamana kama punje za komamanga, na kombe likawa lake. Msellem alisimama nyuma ya kamba, machozi yakimlenga.

"Ana bahati! Kapata bunduki nzuri," alisema mtazamaji mmoja.

Aflah aligeuka. "Bahati? Huyu alikosa mashindano ya mwaka jana ili asikate chuma kabla ya kukielewa. Mimi sikuweza hilo." Kisha akamwendea Khole, akainamisha kichwa. "Dada yangu, nisaidie na mimi niichague chemba yangu mpya."

"Njoo Ghala Jumamosi," Khole akajibu, akitabasamu. "Na uje na subira."

Waliolitazama kombe waliliona liking'aa. Aflah aliiona kazi iliyolileta. Kwa hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.